Simu au GPS ya lori: ipi ikae kwenye dashibodi?
Kwa Probox ya kusambaza bidhaa mjini, simu yenye Google Maps inatosha. Inaonyesha foleni, na ukipakua ramani mapema itakuongoza hata bando likiisha, ila foleni hutaziona tena. Adui ni jua: ikichajiwa nyuma ya kioo cha mbele saa saba mchana hupata moto, skrini inafifia, chaji inagoma.

Lori ni habari nyingine. GPS ya malori, mfano Garmin dēzl, unaiwekea kimo, uzito na urefu wa gari. Google Maps haiulizi, inaweza kukupitisha chini ya daraja lenye kimo kidogo kuliko lori. Lakini kama ramani ya nchi unazopita haina data za kimo cha madaraja na uzito unaoruhusiwa barabarani, vipimo ulivyoweka ni urembo tu. Tena malori mengi ni volti 24. Adapta ya kuchajia iliyotengenezwa kwa volti 12 tu inaweza kuungua.