Kola au Bavaria: shimo lipi limetufunza zaidi?

Haya ni mashimo mawili yaliyochimbwa chini sana ardhini kwa ajili ya utafiti. Kwa kina, Kola ya Urusi inaongoza: uchimbaji ulianza mwaka 1970, na mwaka 1989 keekee ilifika mita 12,262. Shimo la Wajerumani, kule Windischeschenbach, Bavaria, liliishia mita 9,101 mwaka 1994. Lakini joto la shimo lao lilizidi nyuzi 260 za Selsiasi, huku Kola ikiwa na 180 hivi.

Kola ilivunja dhana kubwa. Kasi ya mawimbi ya mitetemo yanayopita ardhini ilibadilika kwenye kina cha kilomita 7 hivi, na wataalamu wakaamini hapo mwamba wa graniti unaupisha mwamba wa aina nyingine, basalti. Basalti haikuonekana! Walikuta miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, imepasukapasuka na kujaa maji, mahali palipodhaniwa pakavu kabisa.

Bavaria nako maji ya chumvi yalipatikana. Ila Wajerumani waliendelea na majaribio: walisukuma maji chini kwa pampu, vikatokea vitetemeko vidogo sana. Maana yake, ganda la dunia pale tayari limebanwa karibu na kiwango cha kupasuka. Kwangu mimi, anayetaka kuelewa matetemeko aanze na Bavaria, ingawa Kola ndiyo maarufu.