Ushauri nasaha kwa mdogo wangu: nyota nne kati ya tano

Nyota zote nne ni za mshauri. Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, lakini miaka aliyopigwa na kutukanwa na mtu aliyepaswa kumlea bado inamkurupusha usiku. Mimi ni dada yake mkubwa, na nilimsindikiza nikiwa tayari kumkatiza yeyote atakayemhoji vibaya.

Hakuhojiwa. Aliachiwa achague kiti, akachukua kinachotazama mlango. Akaelezwa mapema kwamba maneno yake yatabaki mle ndani, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini. Vikao vya mwanzo havikugusa yaliyopita kabisa. Walishughulika na mwili: kupumua taratibu, kukanyaga sakafu kwa nguvu, kutaja vitu anavyoviona pindi kumbukumbu zinapomvamia. Baadaye ndipo wakaanza EMDR, tiba aliyoibuni Francine Shapiro mwaka 1987, ambapo mtu hushika kumbukumbu moja akilini huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu kushoto na kulia. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 kwa wanaosumbuliwa na kiwewe, watoto na wakubwa. Haimlazimishi mtu kusimulia kila kitu kwa kinywa, na kwa mdogo wangu hilo ndilo lililomfanya arudi.

Ninachokithamini kuliko vyote ni hiki: nilipotaka kujua wanazungumza nini, mshauri alimgeukia yeye. "Ungependa dada ajue nini?" Akajibu, "Ajue naendelea vizuri. Na asiache kunisubiri nje." Nikasubiri nje, kila kikao. Tulipokuwa watoto nilimkinga kwa kusimama mbele yake, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza anataka nini. Nililia kwa furaha.

Nyota ya tano wameipoteza mapokezi. Aliulizwa kwa sauti, watu wamejaa, ana tatizo gani. Mtu aliyenyamazishwa kwa kipigo tangu utotoni hatakiwi kujieleza hadharani! Nililalamika, na siku hizi kuna fomu ya kujaza kimya, ila majina kamili bado wanayaita.

Ukimpeleka ndugu yako, omba miadi ya asubuhi kabla watu hawajajaa. Muulize mshauri waziwazi kama amesomea kutibu kiwewe cha utotoni. Wa kwetu alijibu vizuri, bila kukasirika.