Mrejesho wa Endo H: kama unafanya kazi na hamira, nunua

Wadau wa maabara habari zenu, nimeahidi muda mrefu kuleta mrejesho wa hii Endo H basi leo naandika. Ni kimeng'enya cha kukata minyororo ya sukari kwenye protini, tunakitumia mwezi wa 3 sasa na sijutii hata kidogo.

Kwa ambao hawajafika huku, hamira hii hii ya kuumulia mandazi inajenga mnyororo mzima wa sukari 14 kabla ya kuupachika kwenye protini. Inaujengea juu ya mafuta yanayoitwa dolikoli, kwenye utando wa retikulamu (mtandao wa vijia ndani ya seli), na vimeng'enya vyenye jina Alg vinapokezana, Alg7 inaweka N-asetiliglukosamini (aina ya sukari) ya kwanza, Alg13 na Alg14 zinashirikiana kuweka ya pili, halafu Alg1, Alg2 na Alg11 zinaongeza manosi 5 (sukari nyingine). Hapo ni sukari 7 na zote ziko upande wa nje wa retikulamu, kisha mnyororo unapinduliwa kuingia ndani, huko zinaongezwa manosi 4 na glukosi 3. Ile glukosi ya mwisho anayoiweka Alg10 ndo kama muhuri, OST (kimeng'enya cha kupachika) ikiiona inajua mzigo umekamilika, inauhamisha wote kwa mkupuo mmoja kwenye asparajini (asidi amino mojawapo) ya protini. Mimi nimesoma hayo miaka miwili nikiyakariri tu kwa ajili ya mtihani.

Sasa jaribio lenyewe. Tulichukua CPY, protini ya vakuoli (kifuko ndani ya seli) ya hamira, yenye minyororo 4, tukaipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, kila ukubwa unaonekana kama mstari, yaani bendi. Seli za kawaida zilitoa bendi moja safi kwenye kilodaltoni 61 hivi (kipimo cha uzito wa protini). Seli tulizoziondolea jeni ya ALG6 (hizo haziwezi kuweka hata glukosi ya kwanza, kwa hiyo OST inasitasita) zilitoa ngazi, bendi ya juu, chini yake nyingine, chini yake nyingine, yani kila ngazi ni protini iliyokosa mnyororo mmoja. Halafu tukachemsha sampuli dakika 10, tukaweka Endo H, saa moja kwenye nyuzi 37, tukarudia jeli. Ngazi yote ikaporomoka ikawa bendi moja karibu na 51, seli za kawaida na zile mbovu zikalingana sawasawa! Nilikaa naitazama ile filamu yenye picha ya bendi nikaita chumba kizima waje waone, maana hapo ndo niliamini tofauti yote ilikuwa sukari na protini yenyewe haina shida. Na hili sio la hamira peke yake, watoto wanaozaliwa na ALG6 mbovu wanapata degedege na misuli inalegea, kwa hiyo ile ngazi kwenye filamu kwangu ni kitu kizito.

Upande wa bidhaa, bafa (miyeyusho ya kuchanganyia) zinakuja humo humo kwenye boksi, maelekezo ni karatasi moja inaeleweka, na mikrolita 1 inatosha kabisa, msimwage nyingi mkadhani ndo itakata zaidi. Kilichoniudhi ni wakala aliyetuletea, mzigo ulikaa kwake siku 4 tukaupokea barafu imeshakuwa maji ya vuguvugu, nilikata tamaa nikajua hela imepotea, ila kimeng'enya kilifanya kazi vilevile. Hata hivyo mkiagiza mwambieni wakala awapigie simu siku mzigo unapotua, msisubiri yeye aamue.

Angalizo kwa wanaofanya na seli zisizo na ALG3 (jeni ya kuongeza manosi ya kwanza upande wa ndani): ule mnyororo wa manosi 5 unaorundikana kwenye dolikoli Endo H haiugusi, huo toeni kwa asidi nyepesi. Na sukari zilizoshikwa kwenye serini au threonini (asidi amino nyingine) pia haizikati, hata ungeiacha usiku kucha.

Nyota 5 kwa kimeng'enya, wakala nampa 1. Mwenye swali la vipimo vya CPY aulize hapa chini, picha za jeli ninazo.