Miezi kumi na Synology DS223: nilichopata, na nilichokosea dukani

Diski yangu ya nje ilianza kulia tik-tik-tik siku tatu kabla ya kukabidhi video ya sendofu. Fundi aliitegea sikio, akaifungua, akaifunga, akanirudishia bila kusema neno. Nilirudisha pesa za watu na kumwomba radhi mama wa bibi harusi, ambaye hadi leo tukikutana salamu zake ni fupi. Kabla ya hapo bakapu yangu ilikuwa diski saba za nje zilizopangwa juu ya kabati, zimeandikwa kwa maka peni: "Harusi Jan–Machi", "Kicheni pati", "USIFUTE!!!"

Napiga picha na video za harusi Dar es Salaam, nikiwa na kijana mmoja wa kuhariri. Kamera mbili zikirekodi 4K kwa megabiti (Mb) 100 kwa sekunde, kila moja inakula takriban GB 45 kwa saa. Ongeza picha elfu mbili za RAW, yaani picha ghafi, harusi moja inafika GB 300 bila shida. Watu waliniambia nipandishe kila kitu kwenye wingu. Nikapiga hesabu: kwa spidi yangu ya kupandisha, Mb 10 kwa sekunde, harusi moja ingechukua karibu siku tatu usiku na mchana, na Jumamosi inayofuata nina nyingine. Ndipo nikaanza kutafuta NAS, yaani kasha lenye diski ndani unalolichomeka kwenye rauta, na kompyuta zote za ofisini zinaliona kama folda moja kubwa.

Nilibaki na mbili mkononi, zote za kampuni ya Synology: DS223j na DS223. Majina kama mapacha, sura karibu ileile, zote za diski mbili, na ile ya j ni rahisi zaidi. Nusura niichukue. Kilichonizuia ni vitu viwili ambavyo muuzaji hata hakuvitaja. DS223 ina tundu la USB mbele lenye kitufe cha kunakili. Nikirudi ukumbini saa saba usiku, miguu imevimba, nachomeka kisoma kadi, nabonyeza, naenda kuoga, kadi zinanakiliwa zenyewe bila kuwasha kompyuta. Cha pili ni kwamba inakubali mfumo wa mafaili wa Btrfs, kwa hiyo inaweza kupiga snapshoti, yaani kukumbuka mafaili yalivyokuwa saa fulani ili uweze kuyarudisha. Ile ya j haina hilo. Wakati nalipa sikujua kwamba hizo snapshoti ndizo zitakazoniokoa.

Kasha linauzwa tupu. Diski unanunua mwenyewe, na mbili za TB 4 zilikaribia bei ya kasha. Hapo Kariakoo kaka mmoja alinishikia diski ya kompyuta ya mezani, ya bei chee: "Dada yangu, diski ni diski tu." Si kweli. Diski nyingi za bei hiyo zinaandika kwa mtindo wa SMR. Fikiria paa la makuti: kila safu imelalia nyingine, kwa hiyo ukitaka kubadili kuti moja la katikati lazima ufunue na ya jirani. Kwa diski ya kuwekea vitu na kusahau haina neno, lakini ndani ya NAS, siku diski moja ikifa na mpya ikaanza kujazwa upya, kazi inaweza kuvutika siku na siku. Mwaka 2020 Western Digital waliwaudhi watu kwa sababu hiyohiyo: baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa SMR na wanunuzi hawakuambiwa. Sasa zisizo SMR wanaziita Red Plus. Mimi nilichukua Seagate IronWolf mbili. Zinanguruma. Usiku, ofisi ikiwa kimya, utadhani kuna panya anakwaruza mbao.

Kosa langu la kwanza halikuwa la mashine. Usiku wa kwanza nilihamisha harusi moja kutoka kwenye kompyuta, ikaniandikia kwamba itachukua masaa saba na nusu. Nikakata tamaa, nikaanza kuandaa maneno ya kwenda kugombana dukani. Kumbe rauta niliyopewa pamoja na intaneti ina matundu ya Mb 100, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, hapo hupati zaidi ya megabaiti (MB) 11 au 12 kwa sekunde hata ukiwa na NAS ya dhahabu. Nilinunua swichi ndogo ya gigabiti, nikachomeka NAS na kompyuta humo kwa waya. Harusi ileile, dakika arobaini na tano. Kama utanunua NAS na kuitumia kwa waifai tu, bora pesa hiyo ukanunulie lenzi.

Mwezi wa nne, kijana wangu alitakiwa kumtumia mteja picha za albamu kwa WhatsApp. Akazipunguza ukubwa zote, picha 640, akahifadhi juu ya zilezile. Alikuja mlangoni akasimama. "Dada, nimeharibu."

Diski zangu mbili zinafanya kazi kwa RAID 1, moja ni kioo cha mwenzake. Wengi wanadhani hiyo ndiyo bakapu, nami nilidhani hivyo. Kioo hakichagui: ukijipaka masizi, nacho kinakuonyesha masizi. Zile picha ndogo zilikuwa zimeandikwa kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo, kwa uaminifu mkubwa. Pipa la taka halikuwa na kitu, maana hakuna kilichofutwa. Lakini nilikuwa nimeweka snapshoti ipigwe kila saa. Nikafungua ya saa nane mchana, nikairudisha folda ilivyokuwa, picha zote 640 kwa ukubwa wake. Kijana alikaa chini akanywa maji. Mimi pia.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika katikati ya kuandika, unacheza na bahati, kwa hiyo nina UPS, betri ya akiba, iliyounganishwa na NAS kwa waya wa USB. NAS inaambiwa umeme umekatika, inajizima taratibu yenyewe. Usinunue UPS isiyo na tundu hilo la USB, itakupa dakika kumi tu za kutoka mbio. Kwenye LUKU sijaona maumivu: mashine inatumia wati kama 17 ikiwa kazini, ambayo hata ikifanya kazi mwezi mzima bila kulala ni uniti 12 hivi.

Ninachojutia ni TB 4. Kwanza kwenye kioo unapoteza nusu, diski mbili zinakuwa moja. Halafu hiyo moja kompyuta inaisoma 3.6. Kwa kazi yangu ni harusi kumi na mbili, basi. Nalazimika kufuta video ghafi miezi mitatu baada ya kukabidhi, na mkataba wangu sasa unasema hivyo. Ningechukua za TB 8 tangu mwanzo. Memori ni GB 2 na huwezi kuongeza. Nilipowasha Synology Photos, programu yake ya picha, na kuimiminia picha za miaka mitano, ilitengeneza vijipicha siku nne mfululizo na kila kitu kingine kikawa kinajikokota.

Nakala ya tatu bado ni diski ya nje. Kila Jumapili Hyper Backup, programu ya bakapu ya Synology, inaandika humo kilichobadilika, kisha naizungushia taulo na kuipeleka Kibaha kwa mama, nachukua ya wiki iliyopita. Mama anaiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku kuuliza kama kile kidude kinahitaji kuchajiwa.