Kozi ya mfungamano wa atomu na mwanga: wiki ya tatu ndo yenyewe

Jana usiku nimemaliza hii kozi ya mtandaoni ya mfungamano wa kwanta (yani chembe mbili zinaunganika hivi kwamba ukizipima majibu yao yanaendana hata zikiwa mbali), wiki sita, video pamoja na programu ya simulesheni, na kwa vile kuna walioniuliza kama inafaa kulipia, haya.

Wiki mbili za mwanzo ruka tu, ni historia, mara Einstein na wenzake 1935, mara mwanafizikia John Bell 1964, vitu viko bure kila mahali. Utamu uko wiki ya tatu. Wanachukua lile jaribio la kikundi cha mwanafizikia Serge Haroche kule Paris, 1997, wanakuachia uchezee mwenyewe: vioo viwili vinatazamana, katikati patupu, unapitisha atomu ya rubidi yenye nishati ya juu halafu unaikatiza kabla haijamaliza kutoa fotoni (chembe ya mwanga), yani iko hali zote mbili, imetoa na haijatoa, kisha unapitisha ya pili ije iokote hiyo fotoni kama ipo. Zikitoka zimeshafungamana na wala hazijawahi kukutana! Mimi mara ya kwanza niliiacha ile ya kwanza ikae mda mara mbili ya unaotakiwa, ikatoa fotoni yote, ya pili ikaichukua, mfungamano sifuri. Hapo ndo ikaniingia kwamba mchezo wote ni mda, milinganyo yake nilikuwa nayo siku nyingi na sioni kitu.

Sasa lawama. Wanafizikia Yu na Eberly walionyesha 2004 kwamba atomu mbili zikiwa zinapoteza nishati kwa kutoa mwanga, mfungamano wao unaweza kufa kabisa ghafla, wakati kila atomu peke yake bado inafifia polepole. Kitu kitamu hivyo wamekipitia dakika mbili! Na kitelezi cha uvujaji, kile cha kuweka nishati ipotee kiasi gani, ukikivusha nusu programu inaganda.

Kilichoniudhi zaidi ni kwizi ya wiki ya tano, swali la saba, eti mfungamano unatuma ujumbe haraka kuliko mwanga na hilo ndo jibu "sahihi". Hapana jamani. Ukipima atomu yako unapata jibu la kubahatisha tu, mpaka mwenzako akuletee yake kwa njia ya kawaida ndo mnaona yanaendana. Nimewaandikia mara mbili, wananijibu "asante kwa maoni yako", swali bado lipo.

Nyota tatu. Kama matriksi (yale majedwali ya namba ya kwenye hesabu) zinakupiga chenga zipitie kwanza. Cheti sina, kinataka kwizi zote upate mia, na mimi hilo la saba silijibu wanavyotaka wao.