Saundiba zenye spika za nyuma kwa TV ya zamani: tazama matundu kwanza, wati baadaye

Lalamiko la wanunuzi ni lilelile kila siku: mtu kanunua saundiba, ile spika ndefu ya kuweka mbele ya TV, seti ya 5.1 (njia tano za sauti na moja ya besi) yenye spika mbili za nyuma zisizo na waya, kaiunga na TV aliyonayo miaka mingi, spika zote zinalia, lakini filamu haimzunguki. Helikopta inatoka nyuma kwenda mbele, yeye anaisikia imeganda palepale mbele. Spika si mbovu. Kinachomwangusha ni TV.

Kwa hiyo wati na inchi za sabufa sitazigusa, zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi za kusomeka toka mtaa wa pili. Nitang'ang'ania swali moja ambalo wauzaji hawaliulizi: saundiba ina tundu la HDMI la kuingizia, lililoandikwa HDMI IN, mbali na lile linalokwenda kwenye TV?

Sababu ni hii. TV nyingi za zamani zina tundu la optikali, linalotoa sauti kwa mwanga, na optikali yenyewe inaweza kabisa kubeba Dolby Digital 5.1, mfumo wa kubana sauti ya njia nyingi. Tatizo ni kwamba nyingi kati ya TV hizo zikipokea sauti kwa HDMI, iwe ya king'amuzi au ya kifaa cha kustrimu, huibana kuwa stereo, njia 2 tu, ndipo huitoa kwa optikali. 5.1 halisi mara nyingi hupita pale tu inapotoka ndani ya TV yenyewe, kama kwenye antena yake. Kuna na baya zaidi: vifaa viwili vikiunganishwa kwa HDMI hujitambulisha kwanza, na TV hiyo hujitambulisha kuwa inajua stereo basi. King'amuzi kinatii, kinatuma stereo. Saundiba nayo inaipokea na kuitawanya spika zote kwa kubahatisha. Ndiyo maana za nyuma zinalia na mwenye mali anaamini kapata alicholipia.

Na ARC, ile njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye saundiba kwa waya uleule wa HDMI? Ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009. TV iliyotengenezwa kabla ya hapo haina, na za baadaye kidogo mara nyingi huwa nayo kwenye tundu moja tu, lenye neno ARC pembeni. Chomeka saundiba kwenye tundu lisilo na neno hilo, hupati sauti ya TV hata chembe.

Dawa ni kuipita TV pembeni. King'amuzi kinaingia HDMI IN ya saundiba, kisha waya mwingine unatoka HDMI OUT kwenda TV. Sauti inabaki kwenye saundiba ikiwa kamili, picha inasonga mbele. TV inakuwa kioo tu, iwe na ARC, isiwe nayo.

Ya kwanza: JBL Bar 1000

Sifichi, hii naipendelea. Ina HDMI IN tatu: king'amuzi, kifaa cha kustrimu na mashine ya gemu vyote vinaingia bila kugombania nafasi. Spika za nyuma huchomolewa kwenye ncha za saundiba na zina betri ya hadi saa 10, kwa hiyo huhitaji soketi nyuma ya kochi. Hapo ndipo neno "isiyo na waya" linapokuwa kweli. Seti nyingi zinakukatia waya wa spika na kukuachia waya wa umeme. Ubaya wake ni mazoea: usipozirudisha zikachaji, utazimiwa katikati ya mechi. Kama una chombo kimoja tu cha kuchomeka, ndugu yake Bar 800 ana HDMI IN moja na spika za nyuma za mtindo uleule.

Ya pili: Samsung HW-Q990C

HDMI IN mbili, na kwa sauti pekee inaipita JBL: njia 11.1.4 (11 za kukuzunguka, moja ya besi, nne za juu), spika za nyuma na sabufa zote ndani ya boksi. Lakini kila spika ya nyuma inataka soketi yake ya umeme. Hesabu soketi za chumba kabla hujatoa pesa.

Ya tatu: Sony HT-S40R pamoja na kitenganisha sauti

Hii haina HDMI IN. Ina ARC, optikali na tundu dogo la analogi. Spika zake mbili za nyuma zinaunganishwa kwa waya na kisanduku kimoja cha amplifaya, ambacho nacho kinachomekwa kwenye umeme, na saundiba yenyewe ina waya kwenda kwenye sabufa. Hata hivyo ni 5.1 ya haki ukiilisha vizuri, na kuilisha kunataka kitenganisha sauti cha HDMI: king'amuzi kinaingia upande mmoja, HDMI inatoka kwenda TV, optikali inatoka kwenda saundiba.

Ukikishika kitenganisha hicho mkononi, tazama ubavuni. Vingi vina swichi ndogo ya kusukuma kwa ukucha, yenye PASS, 2CH na 5.1. Ikiwa kwenye PASS, king'amuzi kinasoma utambulisho wa TV na unarudi kulekule kwenye stereo. Isukume hadi 5.1, chomoa king'amuzi kwenye umeme, kichomeke tena, halafu ingia kwenye mipangilio yake ya sauti uchague Dolby Digital. Usiweke Dolby Digital Plus, optikali haiibebi. Na ng'oa vile vifuniko vya plastiki kwenye ncha za waya wa optikali. Vinang'aa kama sehemu ya waya, na watu wamerudisha seti nzima dukani kwa sababu yake.

Ya nne: Sonos Ray na jozi ya Era 100

Zinapendeza na sauti yake ni safi, ila Ray inapokea optikali peke yake. Bila kitenganisha, unategemea huruma ya TV.

Za bei ya chini zenye "surround" kwenye boksi na Bluetooth tu ndani: ziache. Bluetooth ya kawaida hubeba stereo, na sauti hufika midomo ikishafungwa.

Wauzaji nao wanachosha. Tangazo linasema "HDMI" halisemi ni ya kuingia au kutoka, picha kumi zote ni za mbele, na ukiomba picha moja ya mgongo unajibiwa "ni original, bosi". Watengenezaji wengine wanaondoa HDMI IN toleo hadi toleo huku bei ikipanda, na spika za nyuma zinauzwa kando kana kwamba ni pambo. Pakua mwongozo wa mtumiaji kwenye tovuti ya kampuni, nenda kwenye mchoro wa matundu, hesabu mwenyewe.

Ukishafunga, huenda sauti ikatangulia picha, kwa kuwa TV ya zamani huchukua muda kuichakata. Tafuta mpangilio wa kuchelewesha sauti kwenye saundiba, ongeza milisekunde 10 au 20 kwa wakati hadi midomo ilingane na maneno. Sauti iliyokwisha kuchelewa hairudishwi na mpangilio huo, unachelewesha tu. Zima spika za TV. Kisha cheza video ya kupima njia za 5.1: sauti ya nyuma kushoto itoke nyuma kushoto peke yake. Ikisikika na mbele pia, bado unapokea stereo. Anza kukagua kwenye king'amuzi, si kwenye spika.

Mwenye TV ya chogo naye hajaachwa. HDMI OUT ya saundiba iingie kwenye kigeuzi cha HDMI kwenda AV, na kutoka hapo waya wa njano tu ndio uende kwenye TV. Mweupe na mwekundu viache vining'inie.