VirtualBox: mfumo wa pili bila kuugusa wa kwanza

Wengi wa vijana ninaowafundisha kompyuta hapa Tudor, Mombasa, hutumia laptopu zilizokwisha kutumika Uingereza, zile zinazouzwa madukani Moi Avenue zikiwa na Windows, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 256, na aghalabu mashine hiyo moja hutegemewa na nyumba nzima. Kumtaka mwanafunzi wa aina hiyo aigawe diski ili aweke Linux, mfumo endeshi mwingine wa bure, kando ya Windows ni kuzitia hatarini kazi za wenzake, kwa kuwa kosa dogo katika ugawaji laweza kufuta kila kitu. Ndiyo maana ninawapendekezea VirtualBox, programu ya bure ya Oracle inayounda kompyuta pepe ndani ya ile halisi: mfumo mwenyeji, yaani Windows, hubaki ulivyo, na mfumo mgeni, yaani Linux, hufunguka katika dirisha lake, diski yake ikiwa ni faili tu.

Kinachonifanya niithamini zaidi ni uwezo wa kuhifadhi hali ya mfumo mgeni na kuirudia. Kabla ya somo, mwanafunzi huhifadhi Ubuntu yake (aina mojawapo ya Linux) ikiwa nzima, kisha namruhusu aiharibu apendavyo, hata kwa amri ya kufuta mafaili yote ya mfumo, kwa sharti kwamba ameondoa kwanza folda yoyote inayoshirikiwa na Windows, la sivyo yaliyomo humo yatafutika kikweli. Mfumo ukishabomoka, hubofya mara chache tu, nao ukarejea ulivyokuwa. Hofu ya kuharibu huwakwamisha wanafunzi wengi kuliko ugumu wa amri zenyewe, na sijapata chombo kinachoiondoa vizuri kiasi hiki.

Hata hivyo, RAM ndiyo mtihani wake. Ukimpa mgeni gigabaiti 4, Windows husalia na 4, na kivinjari chenye kurasa nyingi huanza kusuasua. Xubuntu, toleo jepesi la Ubuntu, humfaa zaidi mwenye mashine ya kiwango hicho. Baadhi ya laptopu huja zikiwa zimezimiwa VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha kompyuta pepe, nayo sharti iwashwe katika BIOS, yaani menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Tena, ukiona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mgeni, ujue kwamba Hyper-V, huduma ya Windows yenyewe ya kompyuta pepe, imeishika prosesa, na mwendo utakuwa wa kobe huyohuyo mpaka uizime. Michezo mizito na uhariri wa video sishauri kuvifanyia humo.

Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 ni takriban gigabaiti 6, mzigo mkubwa kwa mwenye kununua bando, kwa hiyo ni heri darasa lipakue mara moja na kugawana kwa flashi. Ofisi nazo zitambue kwamba programu ya msingi ni ya chanzo huria, lakini kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu tu. Biashara hutakiwa kukilipia.

Mwenye RAM ya gigabaiti 4 asijisumbue na VirtualBox. Aiwashe Ubuntu au Xubuntu moja kwa moja kutoka kwenye flashi, aijaribu bila kusakinisha chochote, na kompyuta ikizimwa Windows yake itakuwa palepale.